Utani usio na mtani

Kila inapotoka orodha ndefu ya majina, iwe ya wanafunzi waliochaguliwa kwenda kidato cha tano au ya walioitwa kwenye usaili wa kazi serikalini, vipande vyake huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama. Mtu amepiga picha ukurasa, amezungushia duara jekundu jina la mtu asiyemjua, na chini yake ameandika kichekesho. Pengine jina ni refu, pengine linaanza na Ng'w, pengine linakaribiana na neno la Kiswahili lenye aibu ndani yake. Watu wanacheka, wanalisukuma kundi la pili. Mwenye jina, aliyelala na furaha ya kuitwa kwenye usaili, anaamka na kukuta jina la babu yake limekuwa stika. Ziko pia video fupi ambazo kijana hukaa mbele ya simu akasoma majina ya kabila fulani huku akijifanya ulimi umempiga fundo. Akitokea mtu wa kulalamika, jibu liko tayari: huu ni utani wa makabila, tumeurithi kwa wazee, acha kununa.

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga, kwa sababu linautumia utani kama ngao na papo hapo linaonyesha kwamba utani wenyewe tumeusahau. Utani ni mapatano. Una pande mbili zinazojuana, una zamu ya kurudishiana, na una deni ambalo mtani hulilipa siku ya msiba. Mzaha wa majina unaosambaa leo hauna hata kimoja kati ya hivyo. Anayecheka hamjui anayechekwa, zamu haipo, na siku ya shida hawataonana. Tena umeliendea jina, kitu ambacho mtu hakukichagua, hawezi kukiacha nyumbani anapotoka, na ndicho kinachomtangulia kila mlango anaobisha hodi.

Nianze na utani wenyewe, maana wengi wanaoutaja hawajauona ukifanya kazi. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliueleza kuwa ni uhusiano ambao mmoja anaruhusiwa na desturi, na mahali pengine analazimika, kumkejeli mwenzake, na huyo mwenzake hatakiwi kukasirika. Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kwenye milima ya Usambara, alichapisha makala juu ya utani wa Tanganyika. Lakini wazee wetu hawakuhitaji kusomewa haya. Walijua kwamba utani wa makabila mengi ulizaliwa vitani au safarini. Wahehe na Wangoni walipigana kati ya 1878 na 1882, hakuna aliyemmaliza mwenzake, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wasukuma walioshuka pwani wakiwa wapagazi wa misafara walipita kwa Wazaramo wakihitaji maji, chakula na mahali pa kumlaza mgonjwa, na utani wao umedumu hadi sasa. Kejeli kati ya watu wa namna hiyo ilikuwa na kazi: iliwakumbusha kwamba wangeweza kudhuriana na wamekubaliana wasidhuriane.

Anayetaka kuuona utani aende msibani. Mtani anafika amevaa kama marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Anaingia kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe chochote. Lakini huyo huyo ndiye aliyeshika jembe tangu alfajiri, maana sehemu nyingi kazi nzito za maziko ni za mtani. Na msiba ukihamia kwake, wewe uliyechekwa ndiye utakayekwenda kuchimba, kuiga kikohozi cha baba yake na kudai chako. Hata Simba na Yanga, tunaowaita watani wa jadi, wanaishi kwa kanuni hiyo: anayenicheka leo anajua Jumamosi ijayo huenda zamu ikawa yangu. Vijana wa Kenya nao wana mchongoano, mchezo wa kukejeliana kwa zamu, ambao hauchezwi na mtu mmoja. Ukichongoa lazima umwachie mwenzako nafasi ya kukujibu, na waliozunguka ndio waamuzi. Ukiondoa zamu na deni, kinachobaki ni watu wengi kumcheka mmoja, na hilo Kiswahili kina neno lake: kuzomea.

Sasa jina. Tumezoea kusema "majina ya kikabila" kana kwamba ni sauti tu zilizookotwa porini. Msukuma aliyezaliwa mvua ikinyesha anaitwa Mabula. Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Mbukusu ni Wafula, Mkamba ni Wambua, Mkalenjini ni Kiprop. Watu watano, lugha tano, mvua ile ile. Mama mmoja alikuwa kwenye uchungu usiku bati likipigwa na matone, au nyasi za paa zikivuja, na familia ikaona saa hiyo iandikwe mahali isipoweza kupotea, ndani ya mtoto mwenyewe. Usukumani mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija, kwa hiyo ukimjua Shija umejua tayari kwamba kwao wako Kulwa na Doto. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake na wa pili jina la baba wa mama yake, hivyo mama anaweza kumbeba kichanga mgongoni akamwita baba, naye anamaanisha. Ukilicheka jina la mtoto kama huyo umemcheka mzee mzima, na mtoto anajua hivyo ingawa wewe hujui. Ndiyo maana mzaha wa jina haufanani na ule wa chakula au wa ushabiki. Nikiambiwa watu wa kwetu wanapenda pesa, maneno hayo yanagawanywa kwa maelfu yetu, na changu ni chembe. Nikichekwa jina, peke yangu ndiye ninayegeuziwa macho na darasa zima.

Wanaocheka husema kinachochekesha ni maana ya jina, au ugumu wa kulitamka. Maana haiwezi kuwa sababu. Ng'wandu kwa Kisukuma ni mbuyu, na wako watu walioulizwa maisha yao yote kama wao ni miti. Petro maana yake ni jiwe. Imeandikwa kwenye Injili wazi kabisa, na sijawahi kusikia Petro akiulizwa kama ametoka machimboni. Juma ni Ijumaa, Khamis ni Alhamisi, Jumanne ni siku ya wiki bila hata kubadilisha herufi, na hakuna anayezungushia duara jekundu. Ugumu wa kutamka nao hausimami. Watangazaji wetu wa mpira walijifunza kusema Azpilicueta na Mkhitaryan, na watoto wa mitaani wakayarudia majina hayo uwanjani wakikimbiza mpira wa makaratasi. Ulimi unaoweza kumbeba Mkhitaryan kutoka Armenia hadi Mbagala hauwezi kushindwa na mtu wa Bariadi.

Kinachobaki ni mahali jina linapotoka. Majina ya Kizungu na yale ya asili ya Kiarabu yalikuja na shule, kanisa, msikiti, biashara na ofisi. Tuliyapokea kama majina ya kawaida, na mengine yote yakawa ya kuelezewa. Mkoloni na mmisionari waliita jina la ubatizo jina la Kikristo, lile la nyumbani likabaki la "kienyeji". Mtoto wa mjini anayelicheka jina la Kigogo hajasoma historia hiyo na huenda hana nia mbaya hata kidogo, lakini kicheko chake kimefuata njia iliyokwisha chimbwa. Angalieni majina yanayochekwa zaidi ni ya nani: wafugaji, wakulima wa bara, wavuvi wa ziwani, watu ambao mjini wanapewa nafasi ya mlinzi kwenye igizo. Kwa miaka mingi igizo likimhitaji mshamba, amepewa jina la Kisukuma na lafudhi ya Kisukuma kabla hajafungua mlango. Watoto wanaoitwa hivyo wamekaa sebuleni wakitazama pamoja na jirani zao.

Nilikuwa kidato cha kwanza tulipoletewa mwanafunzi kutoka kanda ya ziwa. Mwalimu alikuwa akiita mahudhurio, akafika kwenye jina lake, akasimama. Akajaribu, "Ngu... Ngwa...", kisha akalifunga daftari kwa kidole na kuuliza, "Hili ni jina au ni kikohozi?" Darasa likavunjika mbavu. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja, na nilicheka. Yeye alicheka kutushinda sote. Mpaka mwezi unaisha alikuwa akiitwa Kikohozi, akiitika, na bwenini usiku alikuwa akijiigiza mwenyewe akikohoa ili atuchekeshe. Mtu yeyote angeapa kwamba hajali. Ulipofika wakati wa kujaza fomu za usajili wa mtihani wa taifa aliandika jina lake la ubatizo na jina la ubatizo la baba yake. Jina la babu hakuliandika popote.

Nimelieleza hilo kwa sababu hoja inayotolewa mara nyingi kuutetea mzaha huu ni kwamba hata mwenyewe anacheka. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyoaminiwa na watu wazima. Mtu mmoja kati ya watu arobaini, mgeni, ana umri wa miaka kumi na minne, amechekwa na mwalimu. Atafanya nini? Akilia ataitwa mtoto. Akikasirika ataambiwa hajui utani, na kuanzia siku hiyo atachokozwa ili akasirike tena. Kucheka ndiyo njia pekee inayomwacha na marafiki. Kwa hiyo kicheko chake hakithibitishi kwamba hakuumia. Kinathibitisha kwamba aliona haraka kuliko sisi mlango ulio wazi ni upi. Kwenye utani wa kweli swali hili halizuki, kwa kuwa ushahidi hautafutwi usoni kwa anayetaniwa. Unatafutwa kwenye mdomo wake: je, anaweza kukujibu kwa ukali ule ule, mbele ya watu wale wale, na wewe ukatakiwa uvumilie? Mwanafunzi yule angeweza kumuuliza mwalimu kama jina la baba yake ni chafya? Wazee walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mpaka leo sijaona kipimo bora.

Gharama yake haikuishia darasani. Cheti chake cha shule ya msingi kina jina moja, cha kidato cha nne kina jingine, na alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa ikabidi aape mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Alipoajiriwa akatakiwa kuleta kiapo tena. Wanaofanya kazi kwenye ofisi za utumishi na mifuko ya pensheni wanalijua faili la namna hii. Meza zao zimejaa watu ambao majina yao hayakubaliani. Si wote walikimbia kuchekwa, wengine waliharibiwa na makarani. Lakini hata huko mambo mawili yamekutana. Karani asiyeona umuhimu wa ritifaa, kile kialama cha ng', huandika Ngwandu, fomu nyingi za mtandaoni nazo huikataa alama hiyo, na mwenye jina akilalamika huambiwa ni kitu kidogo. Jina lililozoewa kuchekwa halipewi adabu ya kuandikwa sawasawa.

Jina pia hufanya kazi mwenyewe akiwa hayupo. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti uliopata umaarufu mkubwa: walituma maombi ya kazi ya kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana, wakibadilisha majina tu. Waliopewa majina yanayosikika ya Kizungu, kama Emily na Greg, walipigiwa simu kwa kiasi cha asilimia 50 zaidi ya waliopewa majina yanayosikika ya Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal. Kule ni Marekani na tofauti yao ni ya rangi. Hata hivyo, kila aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza ya usaili hapa kwetu anajua jinsi kamati inavyotulia sekunde moja baada ya jina fulani kusomwa, na jinsi tabasamu la mtu mmoja linavyoambukiza wengine kabla mwombaji hajavuta kiti. Tabasamu hilo huhudhuria usaili wote hadi mwisho.

Kwa Kenya mambo ni mazito zaidi, na hapa ndipo Watanzania tunaposambaza mzaha bila kujua tunautupa kwenye ardhi gani. Tanzania iliuliza kabila kwenye sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Kenya inahesabu mpaka leo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Rais akitangaza uteuzi, majina ya mwisho yanahesabiwa kabla ya sifa kusomwa. Na sheria hizo zilitoka mahali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kwenye vizuizi vya barabarani vijana wenye mapanga walipanda magari wakidai vitambulisho. Walichokuwa wakisoma ni jina. Mkenya aliyekuwa ndani ya matatu siku hizo, akishikilia kadi yake huku akihesabu abiria waliobaki mbele yake, hawezi kusikia kichekesho kuhusu jina lake la mwisho kwa masikio ya kijana wa Sinza ambaye hajawahi kuulizwa kabila lake na mtu mwenye silaha.

Lazima pia niseme kuhusu hoja ya upande wangu ambayo siikubali. Wako wanaosema mzaha wowote wa kabila ni mwanzo wa Rwanda. Haiwi hivyo, na kuitaja Rwanda ovyo ni kuwakosea waliokufa. Majina ya Wanyarwanda kwa kawaida hayakutenganisha Mhutu na Mtutsi. Kilichosomwa vizuizini mwaka 1994 ni neno lililochapwa kwenye kadi ya kitambulisho, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na nyuma yake palikuwa na vita, dola na mpango. Pamoja na hayo, yapo mafundisho yake yasiyopaswa kupuuzwa. Redio RTLM iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 haikupendwa kwa hotuba za chuki. Ilipendwa kwa muziki na mizaha, watangazaji wake wakiwa wacheshi, wakiongea kama vijana wa mtaani. Watu walikuwa wameshazoea kucheka nayo yalipofika mengine. Mzaha hauui, ila unaweza kumzoesha mtu kutomwona mwenzake.

Hoja nzito ya wanaoutetea utani nayo niiweke mezani, maana ina ukweli. Wanasema Tanzania imefika hapa ilipo kwa sababu makabila yanatajwa bila woga. Mhehe ataambiwa anakula mbwa, Mchaga ataulizwa kuhusu pesa, na chai itanywewa. Nchi ambayo watu hunong'ona kabila lao ndiyo yenye ugonjwa, na ukiwakataza kutaniana utawafundisha kunong'ona. Naikubali sehemu kubwa ya hoja hii. Nimekulia ndani ya wepesi huo na ningehuzunika sana ukipotea. Lakini wepesi huo haukuletwa na kejeli peke yake. Uliletwa na Kiswahili kilichofika kila kijiji, shule za bweni zilizomlaza Mmakonde kitanda cha juu na Mhaya cha chini, jeshi la kujenga taifa, na viongozi waliokataa kugawa vyeo kwa kabila. Utani ulikaa juu ya msingi huo ukapendeza. Tukidhani utani ndio msingi, tutauchimba kila siku tukidhani tunajenga. Vijana wanaotengeneza video za majina leo wengi hawajawahi kulala bweni na wanayemcheka wala kuchimba kaburi la kwao. Wana simu tu. Si kosa lao, ila haki ya mtani hairithiwi bila wajibu wa mtani.

Majina ya kejeli nayo yana tabia ya kuganda. Watu tunaowaita Wamang'ati wenyewe ni Wadatoga. Mang'ati ni neno la Wamasai la kumaanisha adui, na sasa linasomwa hadi kwenye taarifa ya habari. Watu wa kaya tisa za pwani ya Kenya waliitwa Wanyika, watu wa nyikani, mpaka katika miaka ya 1940 walipoamua kujiita Mijikenda. Uchagani Mangi alikuwa mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900 pamoja na wenzake, na kizazi chake bado kinatafuta fuvu linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Leo kila muuza duka la mtaani ni Mangi, hata akiwa Mpare. Wengi wanalisema kwa upendo na wauzaji wengi wanalipokea vizuri, sitaki kumnyang'anya mtu neno lake. Nataka tu anayesema "Mangi, nipe sukari robo" ajue cheo hicho kiliwahi kubebwa hadi kwenye mti wa kunyongea. Na jina linaweza pia kusafiri kwenda juu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rais Moi aliuliza kwa dharau Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Wakenya wakaliokota jina hilo, wakalifanya jina la mwananchi wa kawaida, na hadi Katiba ya 2010 inapitishwa Wanjiku alikuwa ndiye anayetajwa kwa heshima. Walikataa kwamba jina la mama muuza sokoni ni kipimo cha ujinga.

Je, sheria itasaidia? Kidogo sana. Mwaka 2022 tume ya uwiano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Lilikuwamo "madoadoa", neno ambalo kwenye Bonde la Ufa limewahi kumaanisha majirani wanaotakiwa kuondolewa, na hilo lilistahili. Lilikuwamo pia neno la wimbo wa vijana lililokuwa limegeuzwa kaulimbiu ya kampeni, na ubishi juu ya hilo ukaimeza orodha nzima. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imetumika kuwashtaki watu waliodaiwa kumtusi Rais. Sheria ya namna hiyo ikipewa kazi ya kulinda majina, atakayelindwa ni mwenye jina kubwa, na mtoto wa Bariadi ataendelea kuitwa Kikohozi. Mambo haya yako mikononi mwa watu walio karibu zaidi: mchekeshaji anayeamua mshamba wake aitwe nani, msimamizi wa kundi anayeona picha ya orodha ikiingia, karani anayeuliza "linaandikwaje?" kabla hajabonyeza, na mwenyekiti wa kamati anayejifunza jina la mwombaji asubuhi kama alivyojifunza la mchezaji wa Arsenal.

Na mwalimu. Namfahamu mmoja anayefundisha sekondari ya kata, darasa lake lina wanafunzi zaidi ya sabini. Siku ya kwanza ya muhula haiti mahudhurio. Anapita dawati kwa dawati, kila mtoto anasema jina lake mwenyewe kwa sauti yake, naye anafuatisha mara moja, kisha anaandika kwa penseli pembeni mwa daftari jinsi linavyotamkwa. Kinamla kipindi kizima, na wenzake wamemlalamikia kwamba anachelewesha mada. Nililiona daftari hilo. Pembeni mwa jina moja lililoanza na Ng'w alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "ng' ya ng'ombe".